Amua

Alishuka kwenye treni iliyotakiwa kufika juzi,
begi moja, na glovu ndani ya mfuko wa mkate.
Katibu akampa mkono, akamwambia
kwa Kifaransa cha kuokota Bujumbura:
karibu Kigoma, hapa ndipo mwisho wa reli.
Akaangalia chuma kinapokomea, akaangalia ziwa,
akacheka kama mtu aliyeambiwa
jambo analolijua.

Begi nililibeba mimi. Mimi Butoyi,
pacha wa pili, kipa wa pili, jezi namba thelathini.
Lango lilikuwa langu kwa wiki mbili tu
akaletwa Mfaransa wa miaka thelathini na saba,
Loiki, shingo nyekundu, magoti yanayolia
kama mlango wa stoo.

Mechi ya kwanza. Kona. Mpira ukaning'inia juu
naye akapaza sauti: *Amwa!*
Kwa kwao ni kusema: huo wangu, nipisheni.
Mabeki wetu wakasikia: amua.
Wakaamua.
Ruhwanya aliamua kupiga kichwa.
Gwasa aliamua kuuacha.
Bigirimana, kwa upole wake, aliamua kumsubiri Ruhwanya.
Na mpira nao ukaamua.
Jukwaa lilicheka mpaka likashika mbavu,
na benchini nilicheka mimi, Mungu anisamehe,
kuliko jukwaa.

Jioni nikatumwa nikamfundishe neno.
Wangu, nikasema. Yangu, akasema.
Yangu ni nyumba, nikamwambia, yangu ni barua,
changu ni chumba, langu ni lango,
mpira ndio wangu.
Akauliza kwa nini, kabla kitu hakijawa chake,
lazima kwanza kimbadilishe ulimi.
Sikuwa na jibu. Nikamwambia tule.

Ugali wa muhogo, migebuka, mawese mpaka kwenye kiwiko.
Akanionyesha vidole, kimoja kimoja:
hiki kilivunjika Malta,
hiki Gaboni, teke la mtu wa timu yake mwenyewe,
hiki Ufini, kwenye baridi ambayo maumivu
hufika kesho yake.
Hiki ni cha Kambodia, mwenye timu alitoroka na mishahara.
Hakikuvunjika, akasema. Ndicho kinachouma.
Na kwenu? nikauliza. Ufaransa?
Kwetu miaka sita benchini,
nyuma ya kipa ambaye hakuwahi hata kupata mafua.

Hapo nikaacha kumchukia,
au nikaanza kumchukia kwa adabu.
Gumba lake la kushoto lilikuwa zima bado.
Nililitazama. Nikajua ni letu.

Mazoezini aliniambia jambo moja tu la maana:
usisifu kipa anayeruka sana,
huyo alichelewa kusimama.
Mengine yote yalikuwa matusi, na ya Kifaransa.

Mwezi wa tatu, mvua, watu wa Tabora.
Penalti, dakika ya themanini na nane.
Hakuruka. Alikuwa amekwisha kusimama pale.
Mpira ukapiga gumba, ukapaa juu ya mwamba wa goli,
naye akainua mkono, kidole kimegeuka,
akaniita kwa macho, akasema:
Kigoma.

Nikaingia na glovu zangu kavu.
Kona ileile. Mpira ukaning'inia uleule.
Sijui neno lilitokea wapi. Amua!
Wote watatu wakainama, wakanipisha.
Niliudaka vibaya, kifuani,
kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake amshike kidogo,
lakini niliudaka.

Aliondoka Alhamisi. Anadai miezi miwili.
Katibu siku hiyo alikuwa na udhuru.
Glovu aliniachia. Ni kubwa mno, nazilalia tu;
mpaka leo zinanuka mawese.

Juzi Katubuka nimepita watoto wakicheza,
mpira wa mifuko, magoli ya ndala.
Kipa wao, kitoto cha miaka saba, akapaza: amua!
Wenzake wakatawanyika.
Nikawauliza, amua maana yake nini?
Wakanitazama kama mjinga.
Maana yake toka.